Kinachoshusha ujira ni mtu au ni kukosa makaratasi?

Mleta mada kauliza kama wazamiaji ndio wanaowashushia wenyeji ujira, na kama dawa ni kufunga mipaka. Nimepiga vibarua vya ujenzi ughaibuni, mimi na kibali changu, pamoja na wasio nacho.

Zege ni lile lile, toroli lile lile. Jioni ya malipo nyapara anagawa bahasha. Yangu ikipungua namwambia pale pale, anaguna, anaongeza. Jamaa niliyekuwa nachanganya naye zege alikatwa "hela ya vifaa", yaani beleshi na kofia ngumu ambavyo ni mali ya kampuni, akaikunja bahasha na kuitia mfukoni. Akashtaki wapi? Simu moja ya bosi, anarudishwa kwao. Sasa angalieni kilichofuata: ovataimu yote akapewa yeye kwa kuwa ni rahisi, sisi wenye kibali tukawa tunaondoka mapema. Wenzangu wakamchukia yeye. Bosi wala hakuguswa!

Kufunga mipaka kulishajaribiwa. Kuanzia 1942 Marekani ilileta vibarua wa mashambani kutoka Meksiko kwa mikataba, mpango ulioitwa Bracero. Ulipofutwa mwishoni mwa 1964, hoja ilikuwa hiyo hiyo, kwamba wenyeji watalipwa vizuri. Wachumi waliochambua takwimu baadaye hawakuona ujira ukipanda kwa sababu hiyo. Wakulima wa nyanya walinunua mashine za kuvunia. Na Wameksiko waliendelea kuja, safari hii bila mkataba.

Sisemi wageni hawana athari yoyote. Wakuba kama 125,000 waliingia Marekani kwa boti mwaka 1980, wengi wakabaki Miami. Mchumi David Card hakuona mishahara ya wenyeji ikiyumba. Mchumi mwenzake George Borjas akarudia hesabu akasema wasiomaliza sekondari waliumia. Ugomvi huo nawaachia wenyewe.

Mimi ninachotaka ni kibali kisichomfunga mtu kwa bosi mmoja. Mei 2004 Uingereza, Ayalandi na Uswidi ziliwafungulia ajira raia wa Ulaya Mashariki mara tu nchi zao zilipoingia Umoja wa Ulaya. Ujerumani ilingoja hadi 2011. Mtu wa namna hiyo akipunjwa anahamia kwa bosi mwingine. Chini ya kafala kule Ghuba, yaani mfumo wa mwajiri kumdhamini mfanyakazi mgeni, makaratasi unayo, lakini kwa miaka mingi kumwacha mwajiri bila ridhaa yake kulikugeuza mtoro.

Mleta mada, huko uliko kibali kinaandikwa jina la mwajiri?