Wasaidizi wapya wa kisheria, ulizeni tarehe kwanza

Kila kundi linalotoka mafunzoni huingia dawatini na madaftari mapya, fulana za mradi na hamu ya kutetea wanyonge. Ndani ya miezi mitatu linakuwa limerudia makosa yaleyale yaliyowaliza waliotangulia. Tunawapenda, ndiyo maana tunawafokea. Haya ni kwa mlio Tanzania Bara, mnaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya 2018, kwa hiyo wayapime wenyewe.

1. Tarehe kabla ya hadithi

Mteja wa ajira akishaketi huanza na jinsi bosi alivyomtukana mbele ya wenzake. Nawe umefundishwa kusikiliza, basi unasikiliza. Saa nzima imekwenda, kurasa nne zimejaa, na barua ya kuachishwa kazi bado imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Iombe. Ikunjue mezani, usome tarehe tatu: iliyoandikwa juu ya barua, ile ambayo barua inasema ajira inakoma, na siku aliyoipokea mkononi. Mara nyingi hazilingani, na mwajiri anajua kuzichezea.

Mgogoro wa uhalali wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wote tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira kusitishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, ina siku 60. Siku ya kwanza haihesabiwi, ila Jumamosi, Jumapili na sikukuu za katikati zote zimo. Ajira iliyokoma tarehe 3 Machi, siku yake ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Usimwambie mteja "mwanzoni mwa Aprili". Mwandikie tarehe yenyewe kwenye karatasi aondoke nayo.

Sasa tuseme ukweli wetu, maana kosa hili si la wapya peke yao. Wazoefu wamelifanya, tena kwa nia njema kabisa, na hivi ndivyo linavyokwenda. Mteja anafika siku ya tisa, kwa sababu nane za kwanza alizimalizia kwa mjomba, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mchungaji. Msaidizi anaandika barua nzuri ya kumwalika mwajiri kwenye mazungumzo. Barua inalala mapokezi wiki nzima. Siku ya 17 ofisa utumishi anapiga simu, sauti laini, anaomba avumiliwe kidogo kwani mkurugenzi yuko safarini. Siku ya 24 kikao kinafanyika, kuna chai na maandazi, watu wanacheka, mwajiri anakubali kulipa mwisho wa mwezi. Msaidizi anarudi ofisini, anaandika kwenye rejista "limesuluhishwa", na ripoti ya robo mwaka inapendeza. Mwisho wa mwezi simu inaita tu. Siku ya 41 mteja yuleyule anarudi na mfuko uleule wa plastiki.

Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi siku, wala barua ya kuomba huruma haisimamishi, wala ahadi ya mbele ya mashahidi kumi. Kilichobaki ni kuomba kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 ya CMA, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kila siku iliyochelewa. Kila siku, narudia. Ukiwa umechelewa siku 11, ueleze zote 11. "Sikujua sheria" haikubaliki. "Tulikuwa tunaongea na mwajiri" kwa kawaida nayo inagonga mwamba. Aliyelazwa ana cheti cha hospitali cha kuambatanisha, lakini huyu wenu ataambatanisha nini, picha ya maandazi?

Kinachouma zaidi ni kwamba mteja alifanya kila alichoambiwa. Alikuja akiwa na siku 21 mkononi, zikaishia mikononi mwetu. Na wakati wa kuandika kile kiapo huwa kuna kishawishi cha kumtwisha yeye ucheleweshaji, aonekane alizembea, dawati libaki safi. Msithubutu. Kiapo ni chake, na cha uongo kitamfuata yeye. Andikeni kwamba alifika siku ya tisa na kwamba shauri lilikaa kwenu, hata kama mratibu atanuna.

Dawa yake ni kujaza Fomu Na. 1, ile ya kufungua mgogoro CMA, siku ileile mteja anapofika, kisha ndipo mzungumze na mwajiri mnavyotaka. Wapya wanaogopa kwamba kufungua shauri "kutamuudhi mwajiri" na kuua maelewano. CMA yenyewe huanza na usuluhishi, na makubaliano yakisainiwa pale mbele ya msuluhishi yanakazwa kisheria, yaani mwajiri anaweza kulazimishwa kuyatekeleza. Yale ya chai hayakazwi na mtu.

2. Fomu Na. 1

Nakala iende kwanza kwa mwajiri, kisha ndipo upeleke Tume ukiwa na uthibitisho kwamba ameipokea: muhuri wa mapokezi na tarehe, au stakabadhi ya posta. Mlinzi wa getini akikataa kugonga muhuri, usikae kubishana naye hadi jioni, tuma kwa rejista ya posta siku hiyohiyo. Sehemu B ni ya migogoro ya kuachishwa kazi tu, na ndiyo inayosahaulika. Humo mteja anaeleza kwa nini utaratibu haukufuatwa na kwa nini sababu si halali. Usiandike "nimeonewa". Andika kwamba hakupewa hati ya mashtaka, hakuitwa kwenye kikao cha nidhamu, au aliitwa leo kwa kikao cha leo.

Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Hilo lisikufanye umrudishe nyumbani, kwa sababu mshahara wake wa siku alizofanya kazi bado anaudai.

3. Hesabu iingie kwenye fomu

Msuluhishi akiuliza "mnadai kiasi gani?" na mteja akakutazama wewe, tayari mmeshapoteza laki mbili. Mshahara wa msingi wa Sh 260,000 kwa mwezi, kwa wiki ya siku sita, gawanya kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi) upate Sh 60,000 kwa wiki, kisha kwa sita: Sh 10,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka mitano na miezi minane anahesabiwa mitano: siku 35, Sh 350,000. Ile miezi minane haiingii, hata akilia. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo. Ongeza notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi kama hakupewa, likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi, ambacho wengi hukisahau na ndicho kitakachomtafutia kazi nyingine. Tena muulize aliajiriwa wapi. Kama alichukuliwa Singida akaletwa Dar es Salaam, kuna nauli ya kumrudisha yeye, familia na mizigo.

4. Mabaraza

Baraza la kata halihukumu tena kesi za ardhi. Tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa hati ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, mteja anaweza kwenda wilayani. Bado mnatuletea "hukumu ya kata" ya mwaka jana kana kwamba ni dhahabu.

Shauri la talaka nalo linadai hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, na hati hiyo isizidi miezi sita siku ya kufungua shauri. Wanandoa hupatana, hugombana, hupatana tena, na hati inaozea kabatini. Soma tarehe yake kabla hujamtuma mtu mahakamani kwa nauli ya kukopa. Na mwanamke akikwambia "mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu, sikuchangia kitu", mweleze kwamba Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Halafu mkae muorodheshe: mashamba aliyolima, matofali aliyosomba, wapangaji aliowakusanyia kodi. Atabisha mwanzoni. Kufikia ukurasa wa pili yeye ndiye anayekusahihisha.

5. Yasiyosuluhishwa

Ubakaji na ulawiti hausuluhishwi. Mtoto aliyeharibiwa hana "familia mbili zikae". Wazee wakija na mbuzi na wazo la kumalizana, wewe waelekeze Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, wapewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, kisha hospitali, na ifanyike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina mwisho huo. Aliyetendewa asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana za ndani ya plastiki huvunda na ushahidi unaharibika. Ukisaini karatasi ya maelewano kama shahidi, jina lako limeshaingia kwenye kesi.

6. Mirathi

Kuteuliwa kuwa msimamizi si kurithi. Tunalisema kila wiki na kila wiki shemeji anauza nyumba. Kwa Mahakama ya Mwanzo, ombi ni Fomu Na. I, na ndani ya miezi minne tangu uteuzi msimamizi anapeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Mjane akija analia kwamba shemeji kanyamaza, usianze na machozi wala ukoo. Nenda masijala, uliza kama Fomu Na. V imo kwenye jalada. Kama haimo na miezi minne imepita, hapo una jambo la kumwandikia hakimu.

7. Mkutano wa elimu

Mada moja, dakika 20, maswali nusu saa. Sheria tano kwa mkupuo hakuna anayeondoka na hata moja. Panda mgongo wa mkutano uliopo tayari, kikoba au siku ya kliniki, kuliko kuitisha wako na kusubiri watu juani. Mambo ya urithi wanawake hawayaulizi mbele ya mashemeji, kwa hiyo gawa vikaratasi, au baki nusu saa baada ya mkutano ukijifanya unakunja turubai. Maswali halisi huja wakati wa kukunja turubai. Mfano utoe wa kijiji cha mbali na majina ya kubuni. Ukisema "kuna mama mmoja hapa kwenu", wote wameshamjua kabla hujamaliza sentensi.

Huduma ni bure na uwatangazie hivyo kwa sauti, kwa sababu kuna vishoka wanaokutangulia vijijini wakiuza fomu. Soda usikatae, lakini kuku wa shukrani mrudishe kwa heshima. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ina siku 30 za kukata rufaa, ya Baraza la Ardhi la Wilaya ina 45, nawe huruhusiwi kusimama mahakamani kumwakilisha mtu. Mwandae mteja ajisemee. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hana sababu ya kuogopa.

8. Rejista

Chukueni rula. Kati ya safu ya "jina" na safu ya "aina ya shauri" chora nyingine, iandikwe "siku ya mwisho", ijazwe kwa kalamu nyekundu mteja akiwa bado ameketi. Kila Jumatatu mmoja wenu apitishe kidole safu hiyo kuanzia juu hadi chini, kabla ya chai.