Kiongozi wa kikundi cha utafiti: ni cheo gani, na nimwandikie yupi?

Swali: Shikamoo daktari. Nimemaliza uzamili wa baiolojia ya molekuli na sasa naandaa maombi ya uzamivu nje ya nchi. Nimeitazama Maabara ya Baiolojia ya Molekuli ya Cambridge, ile inayojulikana kama LMB. Sikuona wahadhiri waandamizi wala maprofesa washiriki kama chuoni kwetu, ila orodha ndefu ya "viongozi wa vikundi". Hicho ni cheo gani? Na je, nimlenge mwenye Nobeli au mwenye kikundi kikubwa? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Tuanze na pesa, maana ndizo zinazokieleza cheo chenyewe.

LMB si idara ya chuo kikuu, ingawa shahada yako utapewa na Chuo Kikuu cha Cambridge. Ni taasisi ya MRC, baraza la serikali ya Uingereza linalogharimia utafiti wa tiba. Profesa wa kwetu hufundisha, husahihisha mitihani na hukaa vikao, kisha usiku huandika maombi ya ruzuku. Kiongozi wa kikundi pale Cambridge kazi yake ni utafiti. Sehemu kubwa ya mishahara, vitendanishi na mashine hutoka mfuko mkuu wa maabara, na kila baada ya miaka mitano wataalamu kutoka nje huja kupima kama fedha hizo zimezaa kitu. Juu yake yupo mkuu wa kitengo (vitengo ni vinne), lakini huyo naye ana kikundi chake, na hampangii mwenzake majaribio ya kufanya.

Kuhusu ukubwa, usidanganyike. Utamaduni wa LMB tangu ilipofunguliwa mwaka 1962 ni vikundi vidogo na vifaa vya pamoja. Max Perutz, aliyeiongoza hadi 1979, hakutaka hata kuitwa mkurugenzi. Alikuwa mwenyekiti wa bodi, na mchana alikuwa bado maabara. Fred Sanger alipata Nobeli ya kemia mara mbili, 1958 na 1980, na aliendelea kufanya majaribio kwa mikono yake karibu hadi anastaafu mwaka 1983. Elizabeth Blackburn, aliyepata Nobeli mwaka 2009, alisomea uzamivu chini yake. Kikundi chenye watu thelathini kinaweza kuchapisha sana, lakini mwanafunzi mgeni humo mara nyingi hulelewa na mtafiti mwingine ambaye naye anahangaikia ajira yake.

Nobeli nayo inakuambia habari za zamani. Perutz alianza kuihangaikia himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, miaka ya 1930, na umbo lake likaja kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950. Wewe una miaka mitatu au minne tu! Kwa hiyo usimuulize kiongozi swali lake kubwa ni lipi, hilo limo kwenye makala zake. Muulize ni kipande gani cha swali hilo kinachoweza kumalizwa na mwanafunzi mmoja, na kikigoma, mtahamia wapi. Asiyekuwa na jibu la sehemu ya pili, mimi ningemwogopa.

Viongozi wapya wasikutishe. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walipofika EMBL, maabara ya nchi za Ulaya iliyoko Heidelberg, mwaka 1978, walikuwa vijana wanaogawana maabara moja. Makala yao ya 1980 kuhusu jeni zinazopanga mwili wa kiluwiluwi cha nzi ndiyo iliyowapa Nobeli mwaka 1995. Ila EMBL ina jambo la kuangalia: viongozi wengi wa vikundi hawaruhusiwi kukaa zaidi ya miaka tisa. Ukijiunga na aliye mwaka wa saba, huenda ukajikuta unahama naye au unamaliza bila yeye. Muulize mapema, si utovu wa adabu.

Sasa barua pepe. Isizidi ukurasa. Soma makala zake mbili za karibuni, kisha taja jaribio moja ambalo ungelifanya baada ya hapo na sababu yake. Orodhesha mbinu ulizozifanya kwa mikono yako, si ulizozisikia darasani: kama umesafisha protini, sema ni protini gani, na ulipata kiasi gani. Sifa ndefu za "maabara yako maarufu" ziache. Na usitume barua ileile kwa viongozi kumi wa jengo moja. LMB wanakula mgahawa mmoja, uliosimamiwa kwa miaka mingi na Gisela, mke wa Perutz, makusudi watu wa vyeo vyote wakae meza moja. Barua zako zitalinganishwa kabla chai haijapoa.

Kama unavutiwa na malaria, usiishie kwa wanaoitaja. Kipimo cha haraka unachokiona zahanati hutumia kingamwili za aina moja, yaani zinazofanana zote na kushika shabaha ileile, na njia ya kuzitengeneza iligunduliwa LMB mwaka 1975 na César Milstein na Georges Köhler, ambao hawakuwa wakitafiti malaria hata kidogo.

Kabla ya kukubali nafasi yoyote, omba kuzungumza na wanafunzi wawili waliokwisha kuondoka. Waulize walikutana na kiongozi mara ngapi kwa mwezi, na jina la nani hutangulia kwenye makala.