Muulize Fundi: Kitanda cha nyuma ya pikapu

Swali: Shikamoo fundi. Nauza sufuria na vyombo vya plastiki kwenye minada ya Kongwa na Mpwapwa. Nina Hilux singo kebini, nyuma nimefunga fremu ya mabomba na turubai. Gesti zinakula faida yangu, halafu usiku mzigo nauacha kwa mlinzi nisiyemjua. Nataka nilale humo humo garini. Fundi wa kuchomelea anasema anitengenezee kitanda cha chuma cha kimo cha sm 60, akichomelee kwenye bodi, mzigo ukae chini. Kutoka sakafu ya gari hadi turubai ni sm 130. Nikubali? Na mwanangu wa miaka tisa anaweza kulala humo tukiwa njiani?
*Mama wa Minada, Kongwa*

Jibu: Marahaba mama. Usikubali.

Kwanza hesabu. Sm 60 za kitanda, 2 za plaiwudi, 10 za godoro: hizo ni 72. Juu zinabaki 58. Sasa kaa sakafuni, mwambie mwanao akupimie kutoka chini hadi utosini. Wengi wetu tunapita 80. Maana yake kwenye hicho kitanda utavaa gauni ukiwa umelala chali, na ukishtuka usiku utalipiga bomba kwa paji la uso. Teremsha kimo cha kitanda hadi sm 30, utabakiwa na 88 hivi za kukaa.

Pili, hiyo gari ndiyo inayokulisha. Mwaka 2009 nilimtengenezea shemeji yangu kitanda cha mninga cha kipande kimoja, nikajisifu kweli. Tulipofika Ruaha Mbuyuni akapata vitunguu kwa bei nzuri, na kitanda kimejaa gari nzima. Tulikibeba watu wanne, tukakiacha kwa mama ntilie mmoja. Safari iliyofuata tukakuta wateja sita wamekikalia wanakula ugali, na mwenyewe hakuwa na haraka ya kukirudisha. Tangu siku hiyo sitengenezi kitanda cha gari ambacho mtu mmoja hawezi kukitoa peke yake.

Kwa hiyo tengeneza meza fupi tatu zinazopangwa moja nyuma ya nyingine. Usiku ni kitanda. Asubuhi unazishusha na kupangia sufuria zako badala ya kutandika turubai kwenye vumbi.

Nunua karatasi moja ya plaiwudi ya mm 18. Ni futi nne kwa nane, yaani sm 122 kwa 244. Ikate kwa mapana vipande vitatu vya sm 66. Ukivipanga unapata sm 198 za kulala, na upana wa futi nne ni ule ule wa godoro la nne kwa sita. Chukua la inchi nne, nene zaidi litakurudisha kule kwenye paji la uso. Kitabaki kipande cha sm 45 hivi, maana msumeno nao unakula chake. Usikitupe, kitakufaa kupigia hesabu.

Mbao ni mbili kwa tatu, paina inatosha, ila iwe kavu. Paina mbichi ukiifunga leo, mwezi ujao meza inacheza kama jino bovu. Mbao nne za futi 12 zinatosha zote. Kila moja ya tatu za mwanzo inatoa fremu ya meza moja, yaani vipande viwili vya sm 105 na viwili vya 50 vinavyokaa katikati yake, na inabaki ya tendegu moja la sm 30. Matendegu tisa yaliyobaki yanatoka kwenye mbao ya nne. Tumia skrubu na gundi ya mbao. Misumari italegea kwenye barabara za vumbi kabla hujafika Mpwapwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: zile nundu zinazofunika matairi. Katikati yake, kwenye Hilux niliyopima mimi, ni sm 110 hivi. Ya kwako ipime mwenyewe. Ndiyo maana fremu ni 105 wakati ubao wa juu ni 122. Matendegu yanaingia ndani, ubao unapita juu ya nundu.

Chini ya kila tendegu pigilia kipande cha tairi kuukuu, kama soli ya katambuga. Hakitelezi na hakipigi kelele. Meza ya mbele iguse ukuta wa kebini, zote uzifunge kwa mkanda wa mzigo kwenye ndoano za bodi. Ukiacha nafasi mbele, breki moja tu kwenye mteremko na meza zote zinahamia huko. Nafasi itakayobaki nyuma ni ya dumu la maji na viatu. Mzigo panga kwanza, meza zitue juu yake.

Toboa plaiwudi matundu kama ishirini ya inchi moja, la sivyo jasho na pumzi vitalowesha godoro kwa chini nawe hujui. Turubai liache wazi mbele na nyuma, uzibe kwa chandarua. Na jiko la mkaa lisiingie humo hata likiwa limebaki majivu ya moto, hata kama Juni kuna baridi. Hewa yake haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Injini nayo izimwe.

Vanishi usipake mpaka umelala siku mbili tatu, kwa sababu lazima kuna kona utakayotaka kuipunguza.

Mwanao njiani akae mbele na wewe, mkanda umefungwa. Akisinzia, asinzie hapo hapo.