Nani mwenye neno jahazini?

SWALI: Jahazi ni langu, nahodha nimemwajiri. Tulikuwa Pangani, mbao zimeshapakiwa, nikataka tutoke kwenda Mkokotoni, Unguja. Akakataa, eti tungoje maji. Mabaharia wakabaki wananitazama mimi. Neno la mwisho ni la nani?
Mwenye Jahazi, Pangani

JIBU: Ni la nahodha. Wewe unaamua chombo kiende wapi, kwa nauli gani, na lini kipandishwe pwani kutiwa deheni, yaani kupakwa mafuta na chokaa. Saa ya kung'oa nanga, uzito wa shehena na njia ya kupita ni vyake. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, sura ya 5, kanuni ya 34-1, unamkataza mwenye chombo kumzuia nahodha anapoamua jambo analoona ni la lazima kwa usalama wa watu.

Na hapo Pangani hakukosea. Mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga. Maji yakipwa, mkondo hutoka kwa kasi ukakutana na upepo wa kusi unaoingia, mawimbi yakasimama wima hapo hapo penye kina kidogo. Jahazi lililoshiba shehena likigusa mchanga, wimbi la pili hulilaza ubavu. Tokeni maji yakiwa bado yanajaa, ili hata mkikwama yawainue.

Kuna na hili la tanga. Tanga la jahazi si la yoti hata liweze kukunjwa nusu: sharti foromali, boriti inayobeba tanga, ituliwe, lifungwe tanga dogo. Mkichelewa, chombo kikishalala, tanga hugandamizwa mlingotini na foromali haishuki hata henza, kamba ya kuipandishia, ikiachiwa. Dakika tano za kubishana wewe na nahodha zinatosha kuwafikisha hapo.

SWALI: Kwa hiyo baharia akiona hatari anyamaze?

JIBU: Hata kidogo. Aliye omo, mbele ya chombo, apige kelele: mwamba, ngalawa, au "pima mbili!" akitupa bildi, timazi ya kupimia kina. Hiyo ni habari. Amri inatoka kwa nahodha, na mshika usukani aitamke tena kabla ya kuitekeleza. Sisi tunapenda na sharti hili: yeyote aweza kuomba tanga lipunguzwe, ila asiwepo wa kudai liongezwe, hata mwenye mali. Kabla ya safari nahodha amtaje mbele ya wote atakayeshika nafasi yake akiugua, kwa kawaida sarahangi, mkuu wa mabaharia. Nawe ukiwa na neno naye, mwite tezini, nyuma ya chombo, umwambie taratibu, mabaharia wasisikie amri mbili.