Anza na Riesling, Gewurztraminer iwe ya mwisho

Mkuu, umeuliza ufungue ipi kwanza kati ya chupa tatu za mvinyo mweupe wa Trimbach ulizoletewa kutoka Alsace, Ufaransa: Riesling, Pinot Gris au Gewurztraminer. Fungua Riesling, halafu Pinot Gris. Gewurztraminer ina manukato mazito ya waridi na viungo. Ukitangulia nayo, hizo nyingine utaziona kama maji.

Hao akina Trimbach wa Ribeauvillé wapo kwenye kazi hii kifamilia tangu 1626, na sifa yao kubwa ni mvinyo mkavu. Sukari ya zabibu huachwa ichachuke karibu yote, kwa hiyo usitarajie utamu kwenye Riesling yao. Ule ukali wa ndimu ndio uzuri wenyewe.

Tafadhali usiinywe ikiwa baridi kupita kiasi, harufu hujificha. Itoe kwenye friji dakika 15 kabla. Mimina kidogo, chini ya nusu glasi, izungushe, inuse, kisha piga funda dogo ulitembeze mdomoni kabla ya kumeza. Tafuta ndimu na tofaha bichi.

Kama hiyo Riesling ni ya miaka mingi, unaweza kusikia harufu kama ya mafuta ya taa. Usiimwage! Haijaharibika, ndivyo Riesling inavyokomaa, na wapo wanaoitafuta makusudi.

Kwa chakula, Riesling weka na samaki. Gewurztraminer jaribu na jibini yenye harufu kali. Kwao Alsace huinywa na Munster, jibini ya huko huko.