Fundi Picha Anajibu: Filamu ya kuendea likizo kwenye jua kali

*Shikamoo Fundi Picha. Nimerithi kamera ya filamu ya marehemu baba, ile ya chuma, nzito. Betri yake ni ya kipima mwanga tu, na spidi ya mwisho ya shata ni 1/500. Mwezi ujao naenda likizo ya siku kumi nchi za joto: bahari, mchanga mweupe, watoto wawili wasiotulia. Dukani kuna filamu za ISO 100, 200, 400 na 800, kuna za slaidi, kuna za nyeusi na nyeupe. Muuzaji anasema nichukue 800 "ili nisikose mwanga". Rafiki yangu anasema 100, kwa kuwa jua ni kali. Nimsikilize nani, na nibebe mikanda mingapi? — Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumpoteza baba, na umefanya vyema kuitoa kamera yake kabatini.

Muuzaji wako alikuwa akifikiria sebuleni, si ufukweni. Namba ya ISO ikiwa kubwa, filamu inatosheka na mwanga mdogo. Kuna hesabu ya zamani ambayo sisi mafundi tulikuwa tukiitumia hata kipima mwanga kikifa: kwenye jua la wazi weka tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kisha spidi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia, iwe sawa na namba ya ISO. Filamu ya 200 itataka 1/200, kwa kamera yako ni 1/250. Ya 400 itataka 1/400, yaani 1/500, na hapo umefika ukutani. Ya 800 inataka 1/1000, ambayo kamera ya baba haina. Na bado hatujahesabu mchanga na maji, ambavyo vinakurudishia mwanga kutoka chini kama kioo. Utashinda mchana kutwa umebana tundu hadi mwisho na filamu bado inalalamika mwanga umezidi.

Rafiki yako hajakosea. Ektar 100 ya Kodak ina chembe ndogo sana, na bahari inatoka kana kwamba imepakwa rangi jana. Ila ni filamu yenye hasira: ukiinyima mwanga kidogo, vivuli vinageuka buluu. Na mkanda ukiwa umo ndani ya kamera huwezi kuubadilisha kila mtoto anapokimbilia kivulini.

Kwa hiyo mimi ningekupa 200 kwa mchana. Kodak Gold 200 inatosha kabisa. Ina ujoto fulani wa manjano unaopendeza kwenye ngozi na mchanga. Utaweza kupiga f/11 kwa 1/500, na mtoto akiruka kwenye maji, matone yataganda hewani. Kisha beba 400 kwa jioni, kwa barazani na chini ya miti. Usiidharau hiyo jioni. Nchi za joto jua halizami kwa mshazari, linadondoka karibu wima, na baada ya hapo una dakika ishirini na kitu kabla giza halijashika. Ukianza kufungua kamera uweke mkanda mpya wakati anga imeshakuwa nyekundu, umechelewa. Weka ule wa 400 saa moja kabla.

Mingapi? Mitano ya 200 na miwili ya 400, ya picha 36. Hizo ni picha 252 kwa siku kumi. Ukirudi na mkanda mmoja haujaguswa, hujapoteza kitu.

Slaidi, zile filamu ambazo mkanda wenyewe ndio picha ya kutazamwa kwa taa, waachie wenye subira. Velvia 50, mojawapo ya hizo, ni nzuri mno, lakini ukikosea stopu moja tu, yaani mwanga ukiwa maradufu ya unaotakiwa, wingu linakuwa tundu jeupe. Filamu ya negativu ya rangi, kama hizo nilizokuchagulia, inavumilia hata ukiipa stopu mbili za ziada. Isichovumilia ni kunyimwa.

Na hapa ndipo naomba unisikilize, kwa sababu nimesafisha picha za likizo za watu kwa miaka mingi na kosa ni lilelile. Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia nzima ni ya kijivu. Ukikielekeza kwenye mchanga mweupe, kinafanya hesabu ya kuugeuza kuwa wa kijivu, na mtoto aliyesimama mbele yake anageuka kivuli chenye meno. Usipime mchanga. Nyosha mkono, geuza kiganja chako kipokee mwanga uleule unaomwangukia mtoto, sogeza kamera hadi kiganja kijaze fremu, soma kipimo, kisha ongeza stopu moja. Kama kimesema f/16, weka f/11. Viganja vya watu wa rangi zote havipishani sana kwa weupe, ndiyo maana hila hii inamfaa kila mtu.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kutobania mwanga. Kwa miongo mingi maabara zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley, na sura zetu zilitoka vile zilivyotoka. Filamu za leo ni bora zaidi. Hata hivyo, mimi Gold 200 naipiga kama vile ni 100: nazungusha gurudumu la ISO hadi 100 na kuliacha hapo. Ukifanya hivyo, kile kiganja kipime bila kuongeza kitu, stopu umeshailipa.

*Fundi, habari za kazi. Nasafiri kwa ndege na mikanda kumi. Iende kwenye sanduku la mizigo au mkononi? Na nikifika, niiweke kwenye friji? — Msafiri*

Mkononi, ndugu yangu, mkononi, mkononi! Mwaka mmoja nilitupia mikanda sita, harusi nzima ya mpwa wangu, kwenye sanduku lililoingia tumboni mwa ndege. Ilipotoka kwenye dawa, kila mkanda ulikuwa na wimbi la ukungu likipanda na kushuka, kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye picha moja lilimpitia bibi harusi shingoni kama kitambaa. Mashine za kukagulia mizigo mikubwa zina nguvu nyingi kuliko zile za abiria, na filamu haina ngozi ya kuzuia eksirei.

Zile mashine za zamani za begi la mkononi haziidhuru sana filamu iliyo chini ya ISO 800, mradi isipite mara nyingi. Lakini viwanja vingi sasa vinaweka mashine mpya za CT, zinazozungusha picha ya begi lako pande zote. Hizo zinaharibu hata filamu ya 100. Toa mikanda kwenye maboksi yake, itie yote kwenye mfuko mmoja unaoonyesha, na uombe ikaguliwe kwa mkono. Omba kwa upole na uwahi. Mkaguzi mwenye foleni ndefu hana muda wa somo la kemia. Na mkanda ulio ndani ya kamera nao usiusahau.

Friji ni sawa, ila kuna mtego. Mkanda baridi ukiufungua kwenye hewa ya joto yenye unyevu, unatokwa jasho kama chupa ya soda. Uache ndani ya kikopo chake kilichofungwa saa mbili au tatu kwanza. Kama huna friji, kabati lenye kivuli linatosha. Pasipofaa ni ndani ya gari lililoegeshwa juani. Weka pia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Na mchanga. Mdomo wa kaseti una kitambaa cheusi laini cha kuzuia mwanga. Punje moja ikinasa pale, itachora mstari mmoja ulionyooka katikati ya anga kwenye picha zote 36. Badilisha mkanda mbali na upepo, ukiwa umeligeuzia jua mgongo, ndani ya kivuli chako mwenyewe. Ukimaliza safari, safisha upesi; filamu iliyokwisha kupigwa inachoshwa na joto kuliko mpya.

*Fundi, nimekuta Kodachrome mbili kwenye droo ya babu, hazijapigwa. Naenda nazo ufukweni? — Mjukuu*

Hapana, mjukuu. Hiyo ni filamu ya zamani ya rangi ya Kodak; utengenezaji wake ulikoma mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani kuisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, Marekani, iliacha kuipokea mwishoni mwa Desemba 2010. Leo mtu anaweza kukutolea nyeusi na nyeupe tu, tena yenye ukungu. Ziache kwenye boksi lake la manjano, uziweke rafuni karibu na picha ya babu.