Nimehamisha plagi, macho yamebaki pa zamani

SWALI: Assalamu alaikum Dokta. Nina duka la spea za pikipiki hapa Wete. Plagi zilikuwa rafu ya ndani, chini ya kebo za klachi. Nimezileta karibu na mlango na lebo nimebandika. Lakini mteja akitaka plagi, macho yanakwenda kwenye kebo kwanza. Uzee huu? Na nikitafuta nati ndani ya kopo, mbona natazama palepale mara tatu?

JIBU: Waalaikumu salaam, kaka. Kwa ulivyoeleza, sioni uzee hapo. Ukiulizwa plagi ziko wapi, unajibu sawasawa. Jicho, hata hivyo, halingoji jibu lako, linafuata majirani. Miaka yote hiyo kebo zinazoning'inia zimelizoesha kwamba plagi zi hapo chini, na kebo hukuzihamisha. Lebo nayo huisomi mpaka uifikie.

Mwaka 1998 Marvin Chun na Yuhong Jiang, huko Marekani, waliwatafutisha watu herufi T kwenye skrini iliyojaa L. Mipangilio mingine ilirudiwa, mingine ilikuwa mipya kila mara. Ile ya kurudiwa watu waliizoea, wakawa wanaiona T upesi zaidi. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba walipoulizwa ipi waliwahi kuiona, walibahatisha tu! Watafiti waliofuata wakaihamisha T na kuziacha L mahali pake. Wepesi ule ukapotea, na kupazoea pahala papya ndani ya mpangilio wa zamani kukawa kazi ya siku kadhaa.

Umewahi kutoka msikitini Ijumaa makubadhi yako usiyaone, na kumbe yapo palepale ulipoyavua? Viatu vya jirani ndivyo vilivyoondoka. Wewe yamekufika kinyume chake: jirani wapo, mwenyewe kahama.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, na kebo ningezihamisha. Kama hapana nafasi, pale palipokuwa na plagi weka kitu kikubwa chenye rangi kali, dumu la oili kwa mfano, jicho likifika lijue mara moja kwamba pamebadilika. Hili la dumu ni rai yangu, wenzetu walipima herufi kwenye skrini, si duka la spea.

Ama nati, hiyo ni kumbukumbu nyengine, fupi. Kwa kawaida jicho huchelewa kidogo kurudi pale lilipotoka kutazama, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayotusaidia tusizunguke mahali pamoja. Lakini haibebi mengi. Mwaka huohuo wa 1998 Todd Horowitz na Jeremy Wolfe walidai kwamba jicho linalotafuta halikumbuki chochote, wenzao wakawapinga, na mimi nipo na waliopinga. Tena ukilitikisa kopo, pahala ulipokwisha kutazama hapapo tena. Zimwage kwenye sinia, na kila uliyoiangalia isogeze upande wa pili kwa kidole.